Mbwa wetu analia kila binti yangu anapopiga tarumbeta: je, masikio yanamuuma?

*"Shikamoo Daktari. Tunaishi Moshi vijijini. Binti yangu wa miaka 13 amejiunga na kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, na tangu Februari anafanya mazoezi nyumbani kila siku saa kumi jioni. Tuna mbwa wawili wa kienyeji. Bobi, dume la miaka 7, akisikia tu noti ya kwanza huinua kichwa na kulia kwa mlio mrefu mpaka mazoezi yaishe. Popi, jike la miaka 3, halii. Hujikunyata kwenye kona ya banda, na hata tukimwekea chakula hagusi mpaka usiku. Mchana kutwa tunawafungia, na banda liko nyuma tu ya chumba cha binti yangu. Bibi mmoja jirani anasema mbwa anayelia hivyo anaita msiba. Binti yangu anasema Bobi anaimba. Mume wangu humfokea na mara nyingine humrushia kandambili. Mimi nina wasiwasi kwamba masikio yanamuuma. Nimesikia pia kwamba mbwa wakiwekewa muziki wa taratibu hutulia. Je, niwawekee redio bandani?"*

Marahaba, mama. Nakushukuru kwa kuwataja mbwa wote wawili, kwa maana watu wengi huniandikia kuhusu mbwa mwenye kelele tu na kumsahau aliyenyamaza. Wasiwasi wako mkubwa ni kama tarumbeta inamuumiza Bobi. Kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea Bobi haumii. Anayenitia wasiwasi ni Popi, ambaye hajatoa sauti yoyote, na sehemu kubwa ya ushauri wangu itamhusu yeye.

Nianze na masikio, kwa kuwa ndiko kila mtu anakoanzia. Ni kweli kwamba mbwa anasikia sauti nyembamba kutuzidi sana: binadamu mwenye masikio mazima huishia kwenye takribani hezi 20,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; zikiwa nyingi, sauti huwa nyembamba), ilhali mbwa hufika takribani hezi 45,000. Kutokana na jambo hilo watu huhitimisha kwamba kila ala ya muziki ina mlio uliojificha ambao sisi hatuusikii na ambao humchoma mbwa kama sindano. Hitimisho hilo si sahihi. Kuweza kuisikia sauti fulani hakumaanishi kuumizwa nayo. Kinachoumiza sikio, liwe la mtu au la mbwa, ni ukubwa wa sauti na muda ambao sikio limekaa karibu nayo. Isitoshe, kama wembamba wa sauti ndio ungemfanya Bobi alie, basi angelia zaidi vifuniko vya sufuria vinapogongana jikoni au funguo zinapoanguka sakafuni, maana sauti hizo zina milio myembamba mingi na hushtua. Nadhani hujawahi kumsikia akivuta mlio mrefu kwa sababu ya sufuria.

Kinachomwamsha Bobi ni umbo la noti yenyewe. Mtu anayejifunza tarumbeta hupewa kwanza zoezi la noti ndefu: avute pumzi, ashike noti moja bila kutetereka mpaka pumzi imwishie, kisha arudie. Sauti ya namna hiyo, iliyo moja, iliyonyooka, inayopanda kidogo mwanzoni na kushuka mwishoni mchezaji anapochoka, inafanana mno na mwito ambao ukoo wa mbwa umeutumia tangu kabla mbwa hajaja kuishi na watu. Mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambao kwao mbwa wetu wametokana, huitana kwa milio mirefu ya sekunde kadhaa, ambayo sauti yake ya msingi kwa kawaida iko kati ya takribani hezi 150 na 800. Tarumbeta ya kawaida huanzia karibu hezi 165, na mwanafunzi ni nadra kuvuka hezi 900. Yaani binti yako anapiga katika eneo lile lile la sauti ambamo mbwa mwitu huitana. (Siwazungumzii mbwa mwitu wenye mabaka wa Selous na Ruaha, hao ni wa aina nyingine na wana mwito wao mwingine.) Waliolala karibu na Serengeti au Ngorongoro bila shaka wamewasikia bweha wakijibizana jioni, mmoja akianza na wenzake wakipokea kutoka pande nyingine. Bobi anafanya kitu cha jamii hiyo: amesikia mwito, naye anaupokea.

Hii ndiyo sababu mbwa hulia pia kwa king'ora cha gari la wagonjwa, kwa honi ya treni, kwa adhana inayotoka kwenye kipaza sauti, kwa zumari, kwa saksafoni, kwa fidla na kwa filimbi za watoto wa shule, wakati gitaa linaweza kupigwa kando yake naye akaendelea kusinzia. Noti ya gitaa huanza kufifia mara tu uzi unapoguswa, haidumu kama mwito. Ngoma nayo ina habari yake nyingine kabisa, kwa kuwa haimwiti mbwa bali humshtua. Mbwa anayekimbia ngoma au fataki anafanya hivyo kwa mshtuko wa sauti ya ghafla, na hofu hiyo hutibiwa kwa uzito zaidi.

Si kila mbwa ana mwelekeo huo kwa kiwango kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd cha Budapest walichapisha mwaka 2023 matokeo ya kuwasikilizisha mbwa 68 wa mifugo (yaani aina za mbwa) mbalimbali milio ya mbwa mwitu iliyorekodiwa. Mbwa wa mifugo iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu kinasaba walijibu zaidi kwa mlio mrefu, wale wa mifugo ya kisasa wakaelekea zaidi kubweka, na tofauti hiyo ilijitokeza hasa kwa mbwa waliozidi miaka 5. Mbwa wetu wa kienyeji hawakuwemo katika jaribio hilo, kwa hiyo sitadai kwamba linamweleza Bobi moja kwa moja, lakini linatuonyesha kwamba uwezo wa kuujibu mwito upo katika damu, kwa wengine ukiwa karibu na kwa wengine ukiwa umefifia.

Je, anaimba, kama binti yako anavyosema? Namwelewa, na nisingependa afikiri kwamba kazi yake inachukiwa nyumbani. Hata hivyo, mbwa mwitu wanapolia pamoja hawatafuti kulingana kama wanakwaya. Mmoja akiingia kwenye noti ya mwenzake, mwenzake mara nyingi huhama, na tofauti hizo hufanya kundi la wachache lisikike kama kundi kubwa. Mwambie binti yako kwamba Bobi akilia kwa noti inayogongana na ya kwake hajakosea wimbo, kwa sababu wimbo haujui. Anachojua ni kwamba kuna mwenzake anaita, naye anashiriki.

Kuhusu bibi jirani yako, msikilize kwa heshima, kwa kuwa aliyoyaona aliyaona kweli. Huko kwenu matarumbeta hupigwa mazishini. Kwenye msiba kuna mkesha, kuna nyimbo za kuvutwa usiku kucha, kuna wageni wengi na mbwa waliofungiwa wasiwasumbue waombolezaji. Mbwa wa mtaa mzima huitikia sauti hizo, na mtu aliyezika wapendwa wake mara nyingi huku mbwa wakilia hawezi kulaumiwa kwa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ila mfuatano ni huo wa msiba kwanza, muziki baadaye na mbwa mwishoni. Mbwa anayelia saa kumi jioni kwa sababu ya noti za mazoezi hatabiri chochote.

Sasa tuje kwenye jambo la kutazama. Sauti ya mbwa peke yake haikwambii kama ameridhika au anateseka. Mwili wake hukwambia. Kesho noti ya kwanza itakapopigwa, simama mahali ambapo Bobi hakuoni, na umtazame kuanzia puani hadi mkiani. Mbwa anayeitikia tu mwito huinua kidevu, huvuta midomo mbele, mwili wake ukiwa umelegea na mkia ukiwa mahali pake pa kawaida. Noti zikikatika naye hunyamaza, hutega sikio akisubiri, na ukimtupia kipande cha nyama hukila mara moja. Mbwa anayeteseka hulaza masikio nyuma, hufyata mkia, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hutetemeka, huhema ingawa jua limeshapoa, huzungukazunguka au huchimba chini ya mlango. Miongoni mwa dalili hizo zote, kukataa chakula akipendacho ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa sababu mbwa mwenye hofu kubwa hawezi kula hata akiwa na njaa.

Soma tena ulichoniandikia kuhusu Popi: hujikunyata kwenye kona, na chakula hagusi mpaka usiku, yaani saa kadhaa baada ya tarumbeta kunyamaza. Hizo ni dalili za hofu, mama, na hofu isiyoisha pale sauti inapoisha. Ni rahisi kumpita mbwa wa namna hii kwa sababu hasumbui majirani, na ndiyo maana nimemweka mbele.

Lililo baya zaidi kwa Popi ni kwamba hana pa kwenda. Angekuwa huru uani, angeondoka kwenye noti ya kwanza, akalale migombani, na jambo lingekuwa limekwisha. Mnyama mwenye nafasi ya kuondoka huvumilia sauti nyingi asizozipenda, ilhali mnyama aliyefungiwa karibu na sauti hiyo hujifunza kila siku kwamba hana la kufanya, na hofu yake hukua badala ya kuzoea. Ninajua kwamba kuwafungia mbwa mchana na kuwafungulia usiku ndiyo desturi ya ulinzi katika nyumba nyingi za kwetu, na sikwambii uiache. Nakuomba tu kwamba katika saa ya mazoezi mbwa wasiwe kwenye banda lile. Wafungulie ikiwa ua una uzio, au mtoto mwingine awachukue kwa kamba watembee, au binti yako ahamie upande wa pili wa nyumba. Ukifanya hili tu na usifanye kingine chochote, huenda nusu ya tatizo ikaisha.

Umbali unasaidia kwa sababu nyingine pia. Mbele ya mdomo wa tarumbeta, kwa karibu, sauti inaweza kuvuka desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nacho ni kiwango ambacho sikio la mtu halipaswi kukivumilia kwa muda mrefu. Hilo ni la kuzingatiwa kwa ajili ya binti yako mwenyewe. Mahali pa wazi, kila unapouzidisha umbali mara mbili sauti hupungua kwa takribani desibeli 6, lakini kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari sauti hudunda na kurudi, hivyo haipungui kwa kiasi hicho. Mwaka 2012 huko Marekani kulichapishwa utafiti uliowapima mbwa 14 waliowekwa katika mabanda yenye kelele nyingi za kubweka, na baada ya miezi 6 uwezo wao wa kusikia ulikuwa umeshuka. Nusu saa ya tarumbeta nyuma ya ukuta hailingani na hali ile, na sioni sababu ya kuhofia kwamba Bobi na Popi wamekuwa viziwi. Hata hivyo, mdomo wa tarumbeta usielekezwe kwenye dirisha la upande wa banda, na mwalimu wa kikundi akiwa na kizibo cha mazoezi, kile kinachochomekwa kwenye mdomo wa tarumbeta kupunguza sauti, mwazimeni.

Kandambili iachwe. Sisemi hivyo kwa huruma peke yake, ingawa huruma nayo inatosha. Bobi anapolia kwa kuitikia mwito, akapigwa, hajifunzi kwamba kulia ni kosa. Anajifunza kwamba tarumbeta inapopigwa maumivu hufuata, na mbwa ambaye hakuwa na hofu hupewa hofu. Popi naye yuko hapo hapo anaona kila kitu. Kumfokea nako mara nyingine huongeza mlio, kwa kuwa kwa mbwa mtu anayepaza sauti ni mwingine aliyejiunga. Wala msimcheke na kumkusanyikia kwa simu ili mumrekodi kila siku, kama mngependa apunguze; mbwa hurudia jambo linalomletea watu.

Njia inayofanya kazi ni ile ile ambayo mwanasayansi Pavlov aliitumia huko Urusi alipokuwa akiwapigia mbwa metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, kabla ya chakula hadi mlio wenyewe ukawatoa mate: sauti igeuke kuwa habari njema. Anza na Popi peke yake, mbali, mahali ambapo anaisikia tarumbeta lakini bado anakubali kula. Kama ni mwisho wa shamba, sawa. Binti yako apige noti moja fupi kwa sauti ya chini, nawe mara baada ya noti umpe kipande kidogo cha kitu ambacho hakipati wakati mwingine, kama ini lililochemshwa bila chumvi wala vitunguu. Noti kwanza, chakula baadaye. Mkigeuza mpangilio huo, chakula ndicho kitakachogeuka kuwa onyo la tarumbeta. Fanyeni dakika chache tu, muache akiwa bado ana hamu. Siku atakayokuwa anageuka kukutazama wewe mara tu anaposikia noti, sogeeni hatua kadhaa karibu. Akikataa chakula mmesogea haraka mno, rudini nyuma bila kumlazimisha. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na kuna siku atarudi nyuma bila sababu mnayoiona. Bobi hahitaji yote hayo. Mpe mfupa mbichi mkubwa wa kuguguna mbali na nyumba wakati wa mazoezi, na kama bado atataka kulia kidogo, mwacheni alie.

Kuhusu redio bandani, ulichosikia kina msingi, lakini kimekuzwa kupita kiasi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's huko Belfast waliwapigia muziki mbwa 50 wa kituo cha kuokolea wanyama, wakaona kwamba muziki wa taratibu wa okestra uliwafanya wapumzike na kunyamaza zaidi, na rock ile nzito ikawaongezea kubweka. Baadaye wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow waligundua jambo ambalo nalipa uzito mkubwa: utulivu huo hupungua muziki ule ule ukirudiwa siku baada ya siku, na walipobadilisha aina za muziki, reggae na rock laini ndizo zilizoonyesha dalili nzuri zaidi kwenye mapigo ya moyo. Mbwa wale walikuwa kwenye vituo vyenye kelele na upweke, hali isiyofanana na ya mbwa wenye familia. Ukipenda, weka redio ndani ya nyumba kwa sauti ya chini, wakati ambao hakuna mtu nyumbani, na ubadilishe stesheni. Usiitundike bandani ikashinda inalia, kwa maana utakuwa umewaongezea sauti nyingine wasiyoweza kuikimbia. Na usiitumie kufunika tarumbeta. Itakubidi kuipandisha mno.

Kabla ya mafunzo yoyote, wachunguzeni masikio. Inua kila sikio, unuse na uangalie ndani: harufu mbaya, nta nyeusi, wekundu, kupe, au mbwa kutikisa kichwa na kujikuna mara kwa mara ni mambo ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na usimwagie mafuta wala dawa ya dukani kabla hajaonwa. Bobi akiwa na miaka 7, muulize daktari amguse pia viungo na mgongo. Utafiti wa mwaka 2018 uliowahusisha mbwa 20 wenye hofu ya sauti ulionyesha kwamba wale waliokuwa na maumivu ya misuli au viungo waliianza hofu hiyo wakiwa wakubwa zaidi, na hali yao ilipata nafuu maumivu yalipotibiwa. Mwili unaposhtuka misuli hukaza, na panapouma huuma zaidi, kisha mbwa huilaumu sauti. Kwa hiyo mbwa mtu mzima aliyevumilia sauti miaka yote kisha akaanza kuziogopa ghafla achunguzwe maumivu kwanza.

Kuna hali moja ambayo haisubiri miadi. Mbwa ambaye ndani ya siku chache sauti yake imebadilika ikawa ya kukwaruza, anashtushwa na kila kelele na mwanga, anadondosha mate, anashindwa kumeza, anayumba au amekuwa mkali bila sababu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Msimguse, mfungieni mahali salama na mpigieni simu ofisa mifugo mara moja. Aliyeumwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Maelezo yako kuhusu Bobi na Popi hayafanani na hali hiyo, kwa kuwa dalili zao huja na tarumbeta na zimedumu kwa miezi. Hata hivyo, kama kadi zao za chanjo zimepitisha mwaka, wapelekwe wiki hii.

Iwapo Popi hataonyesha nafuu baada ya wiki sita hivi za kuwa huru wakati wa mazoezi na kulishwa kwa mbali, au akianza kujiumiza akitaka kutoka, au akikataa chakula kwa siku nzima, anahitaji kuonwa, na huenda akahitaji dawa ya kupunguza hofu kwa muda ili mafunzo yaweze kumwingia. Dawa hizo huandikwa na daktari aliyempima. Dawa za usingizi za binadamu msimpe. Daktari wenu wa wilaya akiona shida inamzidi, anaweza kukuelekeza kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Utakapokwenda, kokote utakakokwenda, chukua video ya dakika mbili au tatu ya Popi wakati tarumbeta inapigwa, na nyingine ya nusu saa baadaye, maana ndani ya chumba cha daktari kila mbwa huonekana mwenye hofu, na bila video hizo daktari hataweza kutenganisha hofu ya sindano na hofu ya muziki.